Kutoka Chicago Hadi Bakersfield: Nani Mwenye Reli?

Jumapili, Chicago

Nimefika Chicago siku moja kabla ya treni yangu, makusudi. Anayetaka kuielewa reli ya Marekani aanzie hapa. Kampuni kubwa za treni za mizigo zimebaki sita: BNSF, Union Pacific, CSX, Norfolk Southern, Canadian National na CPKC. Reli za zote sita zinaingia katika jiji hili, na takriban robo ya mizigo yote inayobebwa na treni nchini hupita hapa. Mabehewa yanaingia upande huu, yanapangwa upya, yanatokea upande ule.

Asubuhi nilikwenda Pullman, kusini mwa jiji. George Pullman alianza kujenga mji huu mwaka 1880 kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda chake cha mabehewa ya kulala. Nyumba za matofali bado zimesimama kwa safu, na tangu 2015 eneo hili linahifadhiwa na serikali kuu. Kila nyumba ilikuwa mali ya Pullman. Uchumi ulipoanguka mwaka 1893 alikata mishahara, ila kodi ya nyumba hakuigusa. Mwaka uliofuata wafanyakazi wakagoma, na chama cha Eugene Debs, American Railway Union, kikawaunga mkono kwa kukataa kuhudumia treni yoyote yenye behewa la Pullman. Safari za treni zikakwama kuanzia Chicago hadi magharibi ya nchi. Rais Grover Cleveland akaleta askari, watu wakauawa, Debs akatiwa jela.

Lakini kilichonishika zaidi huko Pullman ni habari za wahudumu wa mabehewa. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, kampuni iliajiri wanaume weusi waliotoka utumwani wawatandikie abiria vitanda, wapige viatu rangi na kubeba mizigo. Kazi ilifika hadi saa 400 kwa mwezi, mshahara ulikuwa mdogo na maisha yalitegemea bakshishi. Abiria hawakuwauliza majina. Waliwaita wote "George", jina la mwenye kampuni. Mwaka 1925 wakaunda chama chao chini ya A. Philip Randolph, na baada ya miaka 12 ya kufukuzwa kazi na kutishwa, mwaka 1937 kampuni ikatia saini mkataba nao. Huyo Randolph ndiye aliyekuja kuongoza maandamano ya Washington ya mwaka 1963. Historia ya reli ikisimuliwa kwa majina ya matajiri peke yao, hawa wanabaki nje, na ndio waliobeba safari zenyewe mgongoni.

Jioni nikapita Union Station kuangalia njia ya kesho. Ukumbi mkubwa wa stesheni hii, iliyofunguliwa mwaka 1925, una sanamu mbili za wanawake juu ya nguzo: mmoja kashika bundi, mwingine kashika jogoo. Usiku na mchana, kwa maana kwamba treni hazilali. Sanamu hizo zimewekwa mahali pake hasa. Mpaka mwaka 1883 kila mji wa Marekani ulikwenda kwa saa yake, ukihesabu adhuhuri jua lilipofika katikati ya anga lao. Treni zilipoongezeka, tofauti hizo zikawa hatari: madereva wawili wakisoma saa mbili tofauti kwenye njia moja, ni ajali. Basi wakuu wa reli wakakutana hapa Chicago Oktoba 1883, wakaigawa nchi katika kanda za saa, na tarehe 18 Novemba saa zikabadilishwa. Hawakungoja sheria. Bunge la Marekani lilikuja kuziidhinisha kanda hizo mwaka 1918, miaka 35 baadaye. Huo ndio uliokuwa uzito wa mwenye reli: aliweza kuwaambia watu adhuhuri ni saa ngapi.

Jumatatu, Illinois na Iowa

California Zephyr, treni yangu, huondoka saa nane mchana. Safari nzima hadi Emeryville, kwenye ghuba ya San Francisco, ni karibu kilomita 3,900, saa zaidi ya 50. Mabehewa ni ya ghorofa mbili, na katikati kuna behewa la kutazamia lenye madirisha yanayopanda hadi kwenye paa. Nikajipatia kiti humo mapema.

Jirani yangu alikuwa mzee aliyestaafu kazi ya kutengeneza njia. Alikuwa na redio ndogo ya kunasa mawasiliano ya treni, ameiweka mezani karibu na kikombe chake. Baada ya Naperville treni iliposhika mwendo, akainua kidole.

"Sikiliza," akasema. "Unasikia nini?"

"Upepo tu, mzee."

"Ndiyo. Zamani ungesikia kishindo kila baada ya mita 12."

Akanieleza. Reli za zamani zilikuwa vipande vifupi vilivyounganishwa kwa vyuma na boliti, na gurudumu liligonga kila kiungo. Mlio ule watu wanaoukumbuka kwa mapenzi ndio uliokuwa ukimla yeye mgongo, maana kila kiungo kilikuwa mahali pa kulegea, pa kuvunjika, pa kurudiwa na spana wakati wa baridi. Sasa vipande vinachomelewa kiwandani kuwa reli ya mamia ya mita, kisha vinachomelewa tena vikiwa njiani. Reli ndefu namna hiyo haina nafasi ya kutanuka. Joto likizidi, chuma husukuma mataruma pembeni na njia hupinda. Kinachoizuia ni kokoto zilizoshindiliwa vizuri kila upande. "Watu wanatazama chuma," akasema mzee. "Mimi natazama kokoto."

Mahali fulani Iowa, giza likiingia, redio yake ikasema yenyewe kwa sauti ya mashine: namba ya mahali, idadi ya ekseli, hakuna hitilafu. Tulikuwa tumepita juu ya kifaa kinachopima joto la beringi za magurudumu. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akataja East Palestine, Ohio. Usiku wa tarehe 3 Februari 2023, treni ya Norfolk Southern ilikuwa na beringi moja iliyokuwa ikiungua. Kifaa cha kwanza kilisoma joto kidogo juu ya la hewa, cha pili kikasoma zaidi, lakini vyote viwili chini ya kiwango cha kumwamuru dereva asimame. Kati ya kifaa cha pili na cha tatu palikuwa na zaidi ya kilomita 30. Kengele ilipolia, beringi ilikuwa imekwisha. Mabehewa 38 yaliacha njia, na siku chache baadaye kemikali ya vinyl chloride ikachomwa hewani kwa makusudi huku watu wakihamishwa makwao. Vifaa vilikuwa vizima. Umbali kati yao ndio ulioamuliwa na kampuni, kwa kuwa hakuna sheria ya serikali kuu iliyouweka.

Kabla ya hapo tulikuwa tumevuka Mississippi pale Burlington, jua likiwa limeinama. Upande wa pili treni ya mizigo ilikuwa ikisubiri, makontena mawili mawili juu ya kila behewa, mkia hauonekani. Ukitaka kuona reli ya Marekani inavyojilisha, tazama hiyo. Behewa la kubeba makontena kwa ghorofa lilianza kufanyiwa kazi na kampuni ya reli ya Southern Pacific mwaka 1977, na katika miaka ya 1980 likaenea. Treni moja ikabeba karibu mara mbili ya ile ya awali, kwa wafanyakazi walewale.

Nyuma ya hilo kuna sheria. Tangu 1887 serikali kuu ilisimamia nauli za reli, na ilikuwa na sababu, maana wakulima walikuwa wakinyonywa wasiwe na pa kukimbilia. Lakini baada ya vita vya pili vya dunia malori yalipata barabara kuu, ndege zikachukua abiria, na kampuni za reli zikaendelea kufungwa mikono: kubadili nauli au kufuta njia isiyolipa kulichukua miaka ya vikao. Juni 1970 kampuni ya reli ya Penn Central ikafilisika, kufilisika kukubwa kuliko kote nchini hadi wakati huo. Oktoba 1980 Rais Jimmy Carter akatia saini sheria ya Staggers, na kampuni zikaachiwa kupanga bei zao na kuingia mikataba na wateja. Bei za mizigo zikashuka kwa miaka mingi mfululizo, na faida ikarudi. Naamini sheria ile iliokoa reli. Naamini pia ilizipa kampuni uhuru wa kukata, nazo zikakata mno. Mwaka 1916 nchi ilikuwa na njia za kilomita zipatazo 409,000. Leo ni takriban 225,000. Wafanyakazi walikuwa zaidi ya milioni 2 mwaka 1920. Sasa kampuni zote sita kubwa hazifikishi 150,000 hapa nchini.

Mzee alishuka usiku. Tuliagana kwa kushikana mikono, kiganja chake kigumu kama taruma. Omaha nikaipita nikiwa nusu usingizini.

Jumanne, Colorado

Denver alfajiri, milima ikiwa imesimama upande wa magharibi. Kutoka hapa tunaingia kwenye reli ya Union Pacific. Hadi hapa tulikuwa juu ya reli ya BNSF. Treni ni ya Amtrak, kampuni ya taifa ya treni za abiria, njia si yake, na hili ndilo jambo ambalo mtu asipolishika hataelewa kitu kingine chochote kuhusu treni za abiria za Marekani.

Ilikuwaje? Kampuni za reli zilikuwa na wajibu wa kubeba abiria, na kufikia miaka ya 1960 abiria walikuwa hasara tupu. Mwaka 1967 Posta iliondoa sehemu kubwa ya barua zake kwenye treni, na barua ndizo zilizokuwa zikilipia treni nyingi za abiria. Bunge likaunda Amtrak, ikaanza kazi tarehe 1 Mei 1971, na siku hiyohiyo karibu nusu ya treni za abiria zilizosalia zikafutwa. Kampuni zikatuliwa mzigo. Amtrak ikapewa mabehewa yaliyochakaa na haki ya kupita kwenye njia za wenyewe. Sheria ya mwaka 1973 inasema treni ya abiria ipewe kipaumbele. Kwenye njia moja yenye vituo vya kupishania, hata hivyo, urefu una sauti kuliko sheria. Treni ya mizigo ya kilomita tatu haitoshei kwenye njia ya kupishania ya kilomita mbili. Anayeweza kuingia pembeni ni yule mfupi, na mfupi ni abiria.

Juu ya Denver njia inapinda mara mbili kupanda ukingo wa mlima, na kwenye pinde hizo niliona kitu nilichokuwa nikikingoja tangu Chicago. Mstari wa mabehewa ya zamani ya kokoto, yenye kutu nyekundu, umesimama kwenye kipande cha njia kisichokwenda popote. Yamejazwa mchanga, yamefungwa kwenye reli yasitikisike. Upepo unaoshuka kutoka milimani hapa una nguvu ya kuangusha treni, basi wakaweka treni iliyokufa iikinge iliyo hai. Behewa moja lilikuwa na kichaka kimeota juu ya mchanga.

Kisha mahandaki mafupi yakafuatana, halafu handaki refu la Moffat. Lilifunguliwa Februari 1928, lina urefu wa kilomita 10, na liko mita 2,800 hivi juu ya usawa wa bahari. Kondakta alitangaza tusitembee kati ya mabehewa hadi tutokee upande wa pili, kwani kila mlango unaofunguliwa huingiza moshi wa dizeli. Dakika kumi za giza.

Handaki hili lina mkataba unaostahili kuangaliwa. Ni mali ya umma, na kampuni ya reli ilipangishwa kwa miaka 99. Muda huo uliisha Januari 2025. Jimbo la Colorado halikuomba fedha tu kwa mkataba mpya wa miaka 25; liliomba haki ya kupitisha treni za abiria kuelekea Craig, kaskazini magharibi, kwenye miji iliyoishi kwa makaa ya mawe. Wakakubaliana. Nimesoma mipango mingi ya reli isiyo na kitu nyuma yake, lakini huu umenipa moyo, kwa sababu safari hii umma ulifika mezani ukiwa na kitu ambacho mwenye reli anakihitaji.

Baada ya handaki njia inaushika Mto Colorado na kuufuata kwa zaidi ya kilomita 350. Korongo la Gore halina barabara, ni maji na reli tu. Kwenye Korongo la Glenwood kuta zinapanda hadi unakosa anga. Hapa pia kesho inabishaniwa. Utah kuna bonde la Uinta lenye mafuta mazito kama nta, ambayo kwa sasa hutoka kwa malori. Upo mpango wa kujenga kilomita 142 za reli mpya ili mafuta hayo yafike kwenye mtandao wa taifa, na mengi yangepita kando ya mto huu huu. Kaunti ya Eagle, hapa Colorado, ilikwenda mahakamani kuupinga. Mei 2025 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua, majaji wanane kwa sifuri, kwamba mamlaka ya reli haikulazimika kupima madhara ya mbali ya mafuta hayo, kule yanakochimbwa na kule yanakosafishwa. Mimi niko upande wa kaunti. Mto huu hunyweshea mamilioni ya watu, na nimetazama njia ilivyo karibu na maji: pengine mita chache, na chini yake mawe.

Utah tuliipita gizani.

Jumatano, Nevada na Sierra

Jangwa asubuhi nzima. Kaskazini mwa njia yetu, ng'ambo ya Ziwa Kuu la Chumvi tulilolipita usiku, kuna Promontory. Ndipo Union Pacific iliyotoka mashariki na Central Pacific iliyotoka magharibi zilipokutana tarehe 10 Mei 1869, msumari wa dhahabu ukagusishwa kwenye taruma na telegrafu ikatuma neno moja nchi nzima: imekwisha. Treni hazipiti tena pale. Mwaka 1904 njia ya mkato ilijengwa juu ya ziwa, na mwaka 1942 reli za Promontory zikang'olewa, chuma kikaenda vitani.

Reno, kisha Truckee, kisha kupanda Sierra Nevada. Behewa la kutazamia lilijaa. Wengi walikuwa na kamera kuelekea Ziwa Donner chini yetu. Mimi nilitazama upande wa pili wa bonde, kwenye mwamba mweupe.

Kule kuna Handaki Namba 6. Central Pacific ilikosa vibarua, na tangu 1865 ikaajiri Wachina. Walifika zaidi ya 10,000, karibu asilimia 90 ya wajenzi wake. Handaki lenyewe ni mita 506 za itale. Walilishambulia kutoka pande nne kwa wakati mmoja: ncha zote mbili, na pia kutoka katikati, ambako walichimba shimo la kushuka wakaanza kwenda huku na kule. Nyundo, patasi na baruti, maendeleo yakihesabiwa kwa sentimita kwa siku. Baruti ilipokuwa haitoshi wakachanganya nitrogliserini palepale mlimani. Wakati wa baridi waliishi chini ya theluji, wakitembea kwa njia walizochimba ndani yake kati ya vibanda na kazi. Maporomoko yaliwafunika baadhi yao hadi majira ya kuchipua.

Juni 1867 maelfu yao wakaweka zana chini. Walitaka ujira sawa na wa wazungu na saa pungufu ndani ya mahandaki. Charles Crocker wa Central Pacific alijibu kwa kukata chakula kilichokuwa kikipandishwa mlimani, na baada ya wiki moja wakarudi kazini. Kampuni haikuandika majina ya wengi wao. Kwenye vitabu vya mishahara kuna jina la kiongozi wa kundi, basi. Mwaka 1882, miaka 13 baada ya msumari wa dhahabu, Bunge likapitisha sheria ya kuwafungia Wachina mlango wa nchi.

Treni haipiti tena Handaki Namba 6. Tangu 1993 magari yote ya reli yanatumia handaki jingine, refu la kilomita tatu, lililochimbwa mwaka 1925 chini ya Mlima Judah. Lile la zamani limebaki tupu, na ukuta wa mawe walioujenga bila saruji karibu nalo bado umebeba mlima.

Kwenye mteremko wa magharibi, Januari 1952, treni ya abiria yenye watu zaidi ya 200 ilinasa kwenye theluji siku tatu. Leo jua lilikuwa linawaka. Tulishuka kupitia Colfax hadi Sacramento, nami nikaishia hapo.

Alhamisi, Sacramento

Makumbusho ya Reli ya Jimbo la California yako karibu na mahali Central Pacific ilipoanzia. Saa mbili nzima nilikuwa mbele ya kitu kimoja: kichwa cha treni namba 4294 cha Southern Pacific, cha mwaka 1944. Kimegeuzwa. Chumba cha dereva kiko mbele kabisa, bomba la moshi liko nyuma. Sababu ni ile milima niliyoivuka jana. Njia ilifunikwa kwa mapaa ya mbao ya kuzuia theluji, kilomita nyingi, na moshi wa mvuke ndani yake uliwazimisha madereva. Kwa kuwa injini iliunguza mafuta badala ya makaa, haikuhitaji kuwa karibu na gari la kuni wala makaa nyuma yake. Mafuta yangeweza kusukumwa kwa bomba hadi mbele. Basi wakaigeuza. Nilipanda ngazi hadi kiti cha dereva. Dirisha ni dogo, mikono ya vali imeng'arishwa na viganja, na mbele hakuna kitu kati yako na reli. Miaka michache tu baada ya kutengenezwa, dizeli ilikuwa imekwisha kuuondoa mvuke karibu kote nchini.

Swali la sasa ni nini kitaiondoa dizeli. Sehemu nyingine za dunia zimejibu kwa waya wa umeme juu ya njia. Hapa, chini ya asilimia moja ya njia ina waya. Haikuwa lazima iwe hivyo: kampuni ya reli ya Milwaukee Road ilitia umeme zaidi ya kilomita 1,000 za milimani tangu mwaka 1915, ikaja kuzima mwaka 1974, mafuta yakiwa yametoka tu kupanda bei. Kampuni za mizigo zinasema waya ni ghali mno. Zimejaribu vichwa vya betri; kimoja kilifanyiwa majaribio California mwaka 2021, kati ya Barstow na Stockton, pamoja na vichwa vya dizeli. Binafsi sioni betri ikivusha treni ya tani 10,000 juu ya Sierra kwa miaka ya karibu. Waya ungeweza. Lakini waya ni uwekezaji wa miaka 40, na kampuni hizi zinahesabiwa na wenye hisa kila miezi mitatu.

Ndiyo maana pale waya ulipotundikwa karibuni, mwenye reli ni umma. Kati ya San Francisco na San Jose, Caltrain ilibadilisha treni zake kuwa za umeme Septemba 2024. Njia ni ya taasisi ya umma. Kati ya Washington na Boston, ambako treni mpya za Acela zilianza Agosti 2025 zikifika kilomita 257 kwa saa, njia nyingi ni ya Amtrak yenyewe. Tazama ramani ya treni nzuri za nchi hii, kisha tazama ramani ya umiliki. Zinalingana.

Ijumaa, Fresno

Treni ya jimbo inashuka bonde la kati la California juu ya reli ya mizigo. Karibu na Fresno zikaanza kutokea: nguzo nene za zege, halafu daraja refu, halafu matao juu ya Mto San Joaquin. Hii ndiyo reli ya kasi ya California. Wapiga kura waliiidhinisha mwaka 2008, mradi ukikadiriwa dola bilioni 33. Makadirio ya San Francisco hadi Los Angeles sasa yamevuka bilioni 100, na kinachojengwa ni kilomita 275 za katikati, Merced hadi Bakersfield. Julai 2025 serikali kuu ilifuta ruzuku ya karibu bilioni 4. Jimbo likajibu kwa kutenga bilioni 1 kila mwaka hadi 2045.

Wengi wanaicheka. Nimesimama chini ya daraja lake nikashindwa kucheka. Gharama ile imepanda kwa sababu za kweli: walianza kujenga kabla ya kununua ardhi yote, wakashtakiwa mara nyingi, wakahamisha mabomba na nyaya za kila mtu, na nchi ilikuwa imesahau kazi hii, ikawa inajifunza upya. Lakini njia hii ikikamilika, treni ya abiria haitaingia pembeni kumpisha mtu.

Wakati huohuo, upande wa mizigo unakwenda kinyume. Julai 2025 Union Pacific ilitangaza kuinunua Norfolk Southern kwa dola bilioni 85, ili iwepo kampuni moja kutoka bahari hadi bahari. Uamuzi ni wa Surface Transportation Board, mamlaka ya reli ya serikali kuu. Mteja angepata safari bila kubadilisha treni Chicago, na hilo ni jambo la maana; nimeona msongamano wenyewe. Ila nakumbuka pia kwamba katika miaka sita hadi 2022 kampuni kubwa zilipunguza karibu asilimia 30 ya wafanyakazi, zikarefusha treni, na mwisho wa mwaka huo Bunge likawalazimisha wafanyakazi kukubali mkataba usio na siku za ugonjwa zenye malipo walizokuwa wakizidai. Mimi ningeidhinisha kwa sharti moja: njia za abiria ziandikwe ndani ya idhini, kwa saa na kwa majina ya stesheni.

Jumamosi, Bakersfield

Treni inaishia hapa. Los Angeles iko kusini, nyuma ya milima ya Tehachapi, na reli ipo: imekuwepo tangu 1876, na inapanda kwa kuzunguka kilima hadi treni ndefu ijipite yenyewe kwa juu. Treni za mizigo hupita usiku na mchana, sehemu kubwa kwenye njia moja. Treni ya mwisho ya ratiba ya abiria ilipita Aprili 1971, siku ya mwisho kabla ya Amtrak. Siku hizi abiria hushuka Bakersfield wakapanda basi, nasi tukapanda.

Mwanafunzi aliyekaa pembeni yangu husafiri hivi kila anapokwenda kwao. Akaniuliza kama reli ya kasi itafika. Nikamwambia hadi Bakersfield, naamini. Kuvuka milima hii kunahitaji mahandaki marefu, na fedha zake hazijapatikana. Kama ningepewa bilioni ile ya mwaka kesho niipangie kazi, ningeanzia hapa.